Kiini na Kiinimacho

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Watu walimwita Kamusi, tangu shuleni, na hawakumsingizia. Ukimtajia mfupa mmoja wa mkono, yeye alikutajia majirani zake wote mpaka begani. Vitabu vya sayansi alivikariri kutoka jalada hadi jalada, pamoja na makosa ya mpigachapa, na ukimsahihisha alikuwa tayari kuapa kwamba ukurasa ndivyo ulivyosema.

Lakini kujua ni jambo moja na kufundisha ni jingine, na nadhani aliyebuni leseni ya ualimu aliwahi kukaa darasani mbele ya mtu kama Kamusi. Kwa miaka kadhaa Kamusi alikuwa mwalimu wa muda katika sekondari ya kutwa karibu na kwao, akifundisha bayolojia kwa shahada yake na kwa pumzi zake. Kisha likaja agizo kwamba asiye na leseni haingii darasani, awe na shahada moja au saba. Akaenda chuo cha ualimu kama wengine, akasoma saikolojia ya mtoto, akajifunza kuandika andalio la somo lenye vijisanduku, na kila mtihani akaupita bila jasho. Kilichobaki kilikuwa somo la kukaguliwa. Mkaguzi anakaa nyuma ya darasa kipindi kizima, anaangalia, anaandika. Ukifaulu, leseni. Ukianguka unarudia mara moja tu. Ukianguka tena, katafute kazi nyingine.

Kamusi alianguka mara ya kwanza.

Na alianguka akiwa amejiamini, ndiyo maana paliuma. Somo lilikuwa seli. Alichora seli ubaoni bila kutazama popote, akataja sehemu zake zote, akamwaga maelezo kama mtu aliyefungua bomba akapoteza kishikio. Kila baada ya dakika chache aliuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo." Mkaguzi, mzee wa maneno machache aliyevaa koti lililopauka mabegani, aliandika mistari miwili tu mwishoni: Mwalimu anajua. Wanafunzi wameitikia. Arudie.

Siku ile alikwenda moja kwa moja saluni kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea. Shangazi alikuwa amemshika mteja kichwa, anasuka, chanuo limemchomoza mdomoni. Wateja wa pale wote walikuwa wakimwita Kamusi "mwalimu" tangu hajajiunga na chuo, kwa sababu shangazi hakuwa na siri hata moja iliyowahi kulala ndani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo? Wamekunyima?"

Kamusi akaeleza. Mteja naye akasikiliza, atakwenda wapi na nywele zake zimeshikwa.

"Huyo mzee ana wivu," shangazi aliamua.

"Hana wivu. Kuna mtoto mmoja aliniuliza seli inaonekanaje hasa, nikamchorea. Akasema, 'Hapana mwalimu, ukiiona yenyewe.' Nikachora tena, kubwa zaidi. Shangazi, mimi sijawahi kuiona."

"Kuona nini?"

"Seli. Sijawahi kuona hata moja."

Ukweli ulikuwa huo, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa ameutamka. Shule aliyosoma ilikuwa na hadubini moja, ikikaa ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa chenye maua, ikitolewa wanapokuja wageni. Mtihani wa vitendo waliufanya kwa karatasi: tuseme umetazama, je, umeona nini? Naye Kamusi akaona kila kitu, kwa kalamu, akapata alama za juu kabisa. Chuo kikuu walikuwa wengi na vifaa vichache, na ilipofika zamu yake aliinama, akaona ukungu, akaona aibu kusema, akachora alichokuwa anakijua. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza.

Shangazi alitoa chanuo mdomoni. "Seli ninayoijua mimi ni ile ya polisi, na hiyo heri usiione. Lakini sikiliza. Si una yule mkufunzi wako wa maabara? Nenda ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Mficha uchi hazai."

"Atanicheka."

"Akucheke. Kicheko hakitoboi mtu. Mama, inamisha kichwa," akamwambia mteja, "umeshasikia yote."

Mkufunzi wa maabara wa chuo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mafua ya kudumu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wanachuo walimwita Mama Hadubini, yeye akijua na akiitika. Kamusi alimkuta anapanga chupa. Alikuwa amejiandaa kusema kama shangazi alivyomtuma, lakini kufika pale ulimi ukamsaliti, akasema amekuja kujikumbusha kidogo tu.

"Haya, jikumbushe," alisema Mama Hadubini, akampa kitunguu, kisu, chupa ya iodini na hadubini.

Kamusi alimenya utando mwembamba wa kitunguu, akautandika juu ya kioo, akadondosha iodini, akabwaga kifuniko chake cha kioo kama mtu anayefunika sufuria. Akainama, akazungusha vishikio. Akaona duara, kubwa, safi, lenye ukingo mweusi mnene na kitu cheupe katikati. Moyo ukampaa. Akachora, na mchoro ulikuwa mzuri mno: kuta, utando, ute wa seli, kiini kando, kila kimoja na mstari wake na jina lake kwa herufi zilizonyooka.

Mama Hadubini aliushika mchoro, akapenga kamasi, akainama kwenye hadubini. Alikaa pale kitambo.

"Hebu nionyeshe kiini kiko wapi."

"Pale katikati, panapong'aa."

"Pale ni kiputo cha hewa, mwanangu. Umefunika kwa pupa, hewa ikabanwa. Hicho unachokiona si kiini, ni kiinimacho." Akaiweka karatasi mezani. "Na hiki ulichochora hakipo hapa kabisa. Umechora kitabu."

Kamusi alitamani ardhi ipasuke. Ikakataa. Basi akapiga moyo konde, akasema yote, kitambaa chenye maua na ukungu wa chuo kikuu, mpaka yule mtoto aliyemchorea mara mbili. Mama Hadubini hakucheka. Alisema, "Wengi. Ungejua ni wengi kiasi gani, usingelala." Kisha akavuta kigoda chake kando ya kile cha Kamusi.

Akamwonyesha kushika kifuniko kwa ncha ya sindano, kukiegemeza upande mmoja na kukilaza taratibu, kioevu kikisukuma hewa nje mbele yake. Akamwonyesha kile kioo kidogo cha chini ya hadubini kinavyonasa mwanga wa dirisha na kuupandisha, na kwamba ukikigeuza kidogo tu vibaya hubaki na giza. "Anza na lenzi ndogo. Usiende kwa haraka, hapa hakuna anayekufukuza. Na usitafute. Ukitafuta unachokijua, utakikuta hata kama hakipo."

Kamusi akainama. Weupe. Ukungu. Alizungusha kishikio kidogo, kidogo tena, na ukungu ukaanza kuwa mistari, mistari ikashikana, na ghafla, bila kelele yoyote, pakawa na ukuta.

Ukuta wa vyumba. Vyumba virefu vya rangi ya dhahabu, vimepangwa kimoja kando ya kingine kama matofali ya fundi asiye na haraka, vikienda kushoto na kulia mpaka ukingo wa mwanga, na alipousogeza utando vikaendelea, na alipousogeza tena vikaendelea. Katika karibu kila chumba kulikuwa na doa moja la kahawia, mahali pengine katikati, pengine limejibanza ukutani. Havikufanana. Kimoja kilikuwa kimepinda, kingine kipana, kingine kimebanwa na wenzake. Kitabu hakikuwahi kusema kwamba havifanani. Kitabu kilichora kimoja tu, kikakipa majina, na yeye maisha yake yote alidhani ni hicho.

"Ni vingi," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Na hapo ni kipande kisichofunika ukucha wako."

Alikaa pale mpaka shingo ikauma. Kisha Mama Hadubini akampa kijiti safi, akamwambia ajikwangue ndani ya shavu, taratibu, apake kwenye kioo kingine na adondoshe iodini. Kamusi alijua kitakachokuwapo. Angeweza kukutajia ukurasa. Hata hivyo alipoinama na kuona vile vipande vyepesi visivyo na kuta, vimelala ovyo kama nguo zilizoanguka kambani, kila kimoja na kiini chake, alisahau kuchora. Alikuwa ametembea navyo siku zote, amekula navyo na kugombana navyo, akavisomea na kuvifundisha, na havikuwahi hata siku moja kuwa vyake.

"Hivi ni mimi?" aliuliza, na wala hakuona kwamba ni swali la kitoto.

"Ni wewe," alisema Mama Hadubini. "Sasa nenda kafundishe."

Siku ya marudio ilipowadia, Kamusi aliingia darasani akiwa amebeba hadubini ya chuo kifuani, mikono miwili, anavyobebwa mtoto aliyelala. Alikuwa na andalio zuri: utangulizi mfupi, kisha wanafunzi wapange mstari, kila mmoja aangalie na kuchora, kisha hitimisho. Lengo aliliandika kwa mwandiko wake ulionyooka, kwamba mwisho wa kipindi kila mwanafunzi awe ameona kiini cha seli. Mkaguzi alikuwa kwenye dawati la nyuma kabisa, koti lile lile, magoti yamembana. Kamusi alimwamkia, akaitikiwa kwa kichwa. Akaiweka hadubini kwenye meza ya dirishani, utando wa kitunguu ukiwa tayari, akaegesha kioo kikanasa mwanga, akaangalia mwenyewe. Vyumba vilikuwa mahali pake.

Mambo yakaenda kama maji. Mstari ulisogea. Wanafunzi waliinama, wakainuka, wakarudi vitini kuchora kimya kimya. Kamusi alianza kuzunguka kati ya madawati, na alichokiona kilimfurahisha: michoro safi, kuta zimenyooka, kiini kando, majina yote. Alimtupia jicho mkaguzi. Alikuwa anaandika, uso mtulivu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze Kamusi aliruhusu wazo la leseni likae kichwani bila kulifukuza.

Kisha akafika kwa msichana mmoja wa dawati la pembeni, mrefu, mwenye sweta lililomwishia juu ya viwiko. Kwenye ukurasa wake kulikuwa na duara, na duara lote limepakwa penseli nyeusi, tii, kwa uangalifu mkubwa. Hakukuwa na kingine.

"Hii ni nini?"

"Ndicho nilichokiona, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu alifumba macho, mwalimu." Msichana akainamisha kichwa lakini hakufuta.

Kamusi naye alikaribia kucheka. Kisha akaitazama tena ile michoro mingine, mmoja baada ya mwingine, na akaona kitu ambacho furaha ilikuwa imemfichia. Yote ilifanana. Seli ilikuwa moja, imekaa katikati ya ukurasa peke yake, kama ilivyo kitabuni. Akarudi dirishani, akamwomba aliyekuwa ameinama ampishe, akaangalia.

Giza.

Kioo cha chini kilikuwa kimegeuzwa, kimeelekea darasani. Hakuhitaji mpelelezi. Wa kwanza kabisa kwenye mstari alikuwa kijana mtanashati, mwenye nywele zilizochongwa, na kioo ni kioo. Alikuwa ameinama kujitazama, akakiacha hivyo. Tangu hapo karibu nusu ya darasa walikuwa wamepita, wakatazama giza totoro, wakarudi vitini wakachora seli.

Kamusi aliinua kichwa. "Wote mliokwisha kuangalia," aliuliza, "nani ameona kiini?"

Mikono ikapanda yote, isipokuwa ule wa sweta fupi. Ilipanda kwa adabu, imenyooka, na nyuso chini yake zilikuwa na kile kiwoga kidogo cha mtu anayeomba asiulizwe zaidi. Kamusi alikijua kiwoga hicho. Alikuwa amekibeba tangu shuleni mpaka kwenye kigoda cha Mama Hadubini.

Muda ulikuwa umekwenda. Vijisanduku vya andalio vilisema sasa amalizie mstari, kisha hitimisho. Angeweza kuegesha kioo kwa kidole kimoja, waliobaki waone, waliopita wabaki na michoro yao mizuri, na mzee wa nyuma asingejua chochote. Leseni ilikuwa umbali wa kidole. Nakwambia alilifikiria hilo, tena si kidogo.

"Shusheni mikono," alisema. "Hadubini ilikuwa gizani. Kioo kimegeuka, na kosa ni langu, nilitakiwa kukikagua kila baada ya mtu. Hakuna aliyeona kitu. Mmoja tu ndiye aliyechora alichokiona, na ndiye mliyemcheka."

Kalamu ya nyuma ikasimama.

"Sijakasirika," aliendelea, maana aliona shingo zinaingia mabegani. "Kutokuona si kosa. Futeni. Tunaanza upya. Mtu akiinama akiona ukungu, aseme ukungu, nitakaa naye. Akiona kiputo, aseme kiputo. Na mkono usipande mpaka jicho limeona."

Mstari ukaanza upya, na sasa ulikwenda polepole sana. "Mwalimu, naona nyeupe tu." Akakaa naye. "Mwalimu, naona kitu kama unywele." Ulikuwa unywele kweli, wa ukope wake mwenyewe, na darasa likacheka pamoja naye. Kisha yule mtanashati aliinama, akakaa, akakaa, na alipoinuka uso wake ulikuwa umesahau kujipamba.

"Viko vingi," alisema.

"Eleza."

"Siwezi, mwalimu. Viko vingi tu. Vimepangwa." Akageukia wenzake kana kwamba wao ndio wangemsaidia. "Viko hai?"

"Vilikuwa hai. Iodini imeviua, ndiyo maana vimetulia tukaviona."

"Na mimi ninavyo?"

"Unavyo. Havina kuta kama hivi, lakini unavyo, kwenye shavu, kwenye ulimi, kwenye huo mkono uliogeuzia kioo."

Kijana aliutazama mkono wake mbele na nyuma, akaenda kukaa. Aliyemfuata aliinama hata kabla hajaitwa. Minong'ono ikafa. Kelele za uwanjani zilisikika kupitia dirishani, na ndani watu arobaini na kitu wakawa wanasubiri zamu kwa utulivu ambao Kamusi hakuwahi kuupata kwa kugonga meza. Hakuuliza hata mara moja kama wameelewana.

Kengele ikagonga. Nusu ya mstari ilikuwa bado. Hakukuwa na hitimisho, wala muhtasari ubaoni, wala kazi ya nyumbani. Hakuna aliyetoka.

Mkaguzi alijinasua kwenye dawati, akaja mbele na fomu yake. "Nina swali moja," aliliambia darasa. "Nani ameona kiini?"

Baadhi wakanyoosha, na wengi hawakunyoosha. Msichana wa sweta fupi, aliyekwisha kuangalia mara ya pili, alikuwa na mikono mezani.

"Wewe umeangalia," mkaguzi alimwambia. "Nimekuona."

"Nimeona kuta, mzee. Kiini bado. Naomba nirudie."

Mkaguzi akamgeukia Kamusi. "Lengo lako linasema kila mwanafunzi. Hapa zaidi ya nusu hawajaona."

"Ndiyo, mzee," alisema Kamusi. "Hawajaona." Alipoyasikia maneno yale yanatoka kinywani mwake alijua kwamba huenda yamemfungia mlango, lakini hakutafuta mengine.

Mzee aliitazama fomu, kisha ile mikono iliyokuwa mezani. "Kazi hii nimeianza nywele zikiwa nyeusi," alisema, si kwa sauti ya mkaguzi. "Kila darasa ninapouliza, mikono yote huwa juu. Yote, kila mahali. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuta iliyobaki chini." Akaandika kitu kifupi, akasaini, akamwekea fomu mezani ameifunua. Palikuwa na neno moja: Apewe. Kamusi alilisoma, akalisoma tena, machozi yakamjaa asijue ayapeleke wapi.

"Mpishe mtoto," alisema mkaguzi.

Msichana akaja dirishani, akavuta mikono ya sweta isiyovutika, akainama. Kamusi akakigusa kioo, akakielekeza vizuri kwenye mwanga. Nyuma ya msichana mstari ukajipanga upya, na mzee wa koti lililopauka akajiunga nao, wa kwanza, bila kuambiwa. Msichana alizungusha kishikio kidogo, akasimama, akazungusha tena. Kisha mabega yake yakatulia.

"Kumbe," alisema.

Mkaguzi alisogeza shingo. "Kumbe nini?"

"Subiri," alisema msichana bila kuinua kichwa wala kujua anamjibu nani, "bado naangalia."

Mkaguzi akasubiri.